Kalibu ya Mjomba

Wahenga hawakuwahi kumiliki karakana, wala hakuna ushahidi kwamba hata mmoja wao alipata kushika mashine ya kuchomelea. Hata hivyo, walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, ule ambao mgeni akibisha hodi unakunjwa upesi na kusukumwa uvunguni. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia, safi, wenye kupendeza macho. Wahenga walitaka kutuonya kwamba tusitupe kidogo chetu cha kudumu kwa ajili ya kizuri kinachopita mbele yetu, kwa sababu kila kipitacho kina tabia moja isiyobadilika, nayo ni kupita.

Ukweli huo ulimwingia Twalibu wa Mwembesongo kwa shida. Ulianzia kichwani, ukakataliwa, ukalazimika kuzunguka na kuingilia begani.

Twalibu alikuwa na karakana ya vyuma hapo Mwembesongo, mjini Morogoro. Hakuianzisha yeye. Kwa Waluguru mali hufuata upande wa mama; kwa hiyo mjomba wake, marehemu Luqmani, alipofariki dunia, karakana ilimwangukia Twalibu, mtoto wa dada yake. Alirithi mashine moja ya kuchomelea, nyundo tisa, fundi mmoja mzee aitwaye Severin, na kalibu.

Kalibu hiyo ilikuwa pande la chuma lenye ukubwa wa mto wa kulalia na uzito wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyeshiba. Marehemu aliichonga mwenyewe kutoka kwenye chuma cha mtambo wa zamani wa mkonge. Juu yake palikuwa na mfereji uliopinda. Bapa la chuma lililopashwa moto likilazwa katika mfereji ule na kupigwa nyundo, lilitoka likiwa jino la kipalizi, lenye mpindo uleule kila mara, kama watoto wa tumbo moja. Kipalizi chenyewe ni kifaa cha kusukuma kwa mikono katikati ya mistari ya mpunga. Magurudumu yake mawili ya meno huzunguka kwenye tope yaking'oa magugu na kuuacha mpunga salama. Dakawa nzima, kwenye mashamba ya umwagiliaji, walivijua vipalizi vya Luqmani.

Kipalizi kimoja kiliweza kudumu miaka kumi. Meno yake, hata hivyo, yaliisha kila msimu, kwa sababu tope halina adabu. Hivyo kila kabla ya palizi wakulima wa Dakawa walikuja Mwembesongo kununua meno. Faida ya jino moja ilikuwa ndogo, ya kununulia andazi na kubakiwa na hamu. Lakini walikuja kila msimu, mwaka baada ya mwaka. Ndani ya karakana, juu ya mlango, marehemu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: KIKITOKA HAPA, NANI ATARUDI? Kila alipotaka kuunda kitu kipya alisimama chini ya maneno hayo na kujiuliza kwa sauti. Asipopata jibu, hakukiunda.

Twalibu aliyaonea haya maandishi yale. Vijana wenzake walikuwa na biashara zenye majina marefu, yeye alikuwa akiitwa "Twalibu Meno," kama mganga wa kienyeji.

Ndipo ulipoingia ule ugonjwa wa mwaka 2020, na nchi nzima ikaanza kunawa mikono kwa bidii ambayo walimu wa zamu walikuwa wameitafuta miaka yote bila mafanikio. Watu hawakutaka kushika bomba alilolishika mwingine. Twalibu akaunda stendi ya chuma ya kunawia: ndoo juu, sabuni pembeni, kanyagio chini. Unakanyaga, maji yanatoka. Ya kwanza aliipeleka msikitini. Siku ya tatu zikaja nyumba mbili za wageni. Wiki ya pili zikaja shule, maduka, saluni na hata jamaa mmoja wa kuuza supu. Stendi moja ilimpa faida ambayo meno yalihitaji mwezi mzima kuitoa.

Twalibu akanawiri. Alimtumia mama yake stendi moja kwa lori la ndizi, huko Kinole milimani. Akanunua viatu vyenye ncha kali kama swali la hesabu. Akachoresha bango jipya: TWALIBU NAWA SAFI. Kisha akatangaza, kwa sauti ya kiranja aliyekabidhiwa filimbi:

"Mzee Severin, kuanzia leo hatutengenezi vipalizi. Wala meno. Hapa ni stendi tu."

Severin alikuwa ametoka Mahenge zamani sana, akiwa na nywele. Alizima mashine, akainua kioo cha kuchomelea kutoka usoni.

"Bosi, hebu niulize kitu. Hii stendi itadumu miaka mingapi?"

"Kumi na tano! Ishirini! Hiki ni chuma, siyo mhogo."

"Na meno yake yanaisha lini?"

"Stendi haina meno, mzee. Hiyo ndiyo sifa yake."

"Hiyo ndiyo kasoro yake," alisema Severin. Akateremsha kioo, akaendelea kuchomelea.

Twalibu akacheka. Alimwona Severin kama redio ya zamani: inasema ukweli, lakini kwa mawimbi ambayo hakuna anayeyasikiliza.

Mwezi huohuo akaja Eufrazia, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mpunga Dakawa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kuzungumza taratibu kama anayesoma tangazo la msiba. Alikuja kuchukua meno kwa ajili ya mpunga wa kiangazi.

"Mama, meno tumeacha," Twalibu alimwambia. "Lakini naweza kukupa stendi nzuri ya kunawia."

Eufrazia aliitazama ile stendi juu hadi chini.

"Mwanangu, mimi nashinda ndani ya maji tangu asubuhi mpaka jioni. Unataka ninawe nini tena?"

"Kwa usalama, mama."

"Haya. Na magugu nitayakanyagia maji yaondoke?"

Akaondoka bila kukasirika, na pengine hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Mteja anayegomba huwa bado yupo.

Maji yakazidi unga pale alipopiga simu dalali mmoja aliyejitambulisha kuwa yuko Dar es Salaam. Alitaka stendi mia moja na ishirini, haraka, malipo mzigo ukifika. Twalibu alisikia namba, hakusikia mengine. Fedha za kununulia bomba na mabati hazikutosha. Akazunguka karakana nzima akitafuta cha kuuza, macho yake yakatua kwenye kalibu, iliyokuwa imekaa pembeni bila kazi kama mwanafunzi aliyetolewa nje ya darasa.

"Hiyo si yako peke yako," Severin alimwonya. "Ni ya ukoo wa mama yako. Mpigie kwanza."

"Mama yuko mlimani na ndizi zake. Atajua nini kuhusu biashara?"

Hakupiga. Alimwita Dadi, mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye yadi yake ilikuwa mtaa wa pili. Dadi alikuja na toroli na vijana wawili. Kalibu ikapimwa kwa kilo, pamoja na fremu ya baiskeli na sufuria zilizotoboka. Severin alitoka nje kabla haijapandishwa. Alipiga simu moja fupi, akarudi, akashika kazi yake.

Stendi mia moja na ishirini zilikamilika. Simu ya dalali haikupatikana. Haikupatikana asubuhi, haikupatikana mchana, na mwisho ikawa haipatikani kwa namna ya kudumu. Wakati huohuo watu walianza kuchoka kunawa. Ndoo zikahamishwa kutoka milangoni kwenda kuhifadhi unga. Na wale ambao bado walinawa walikuwa na stendi zao tayari, imara, za miaka ishirini, zilizoundwa na Twalibu mwenyewe kwa ustadi mkubwa. Alikuwa amemuuzia kila mtu mara moja, na hapakuwa na sababu hata moja chini ya mbingu ya kumuuzia mara ya pili.

Twalibu akabuni mbinu. Akapunguza bei. Akapaka moja rangi ya waridi. Akamshawishi yule jamaa wa supu aongeze ya pili, akajibiwa kwamba mkono wa supu ni mmoja. Stendi zikajipanga uani kama wanafunzi kwenye paredi, na kuku wa jirani wakachagua kila mmoja ya kwake ya kulalia.

Mwaka ulipokuwa ukielekea ukingoni, mwenye kiwanja akaja. Kodi ya miezi minne haijalipwa. Kuna mtu anataka kufungua sehemu ya kuoshea magari hapo, tena amekwisha kuja na mipira ya maji. Alimpa Twalibu wiki tatu. Asipolipa, karakana ya Luqmani itafungwa.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, Twalibu alisimama chini ya maandishi mekundu na kuyasoma. Nani atarudi? Aliangalia nje. Kulikuwa na kuku.

Lakini siku mbili baadaye aliyetokea getini ni Eufrazia.

"Shikamoo, mama," Twalibu alimwamkia, na safari hii aliinamisha kichwa.

"Marahaba. Nimekuja kwa sababu sina pa kwenda," alisema Eufrazia taratibu, kama kawaida yake. "Msimu uliopita tulinunua meno kwingine. Yalikuwa na mpindo mbaya. Yameng'oa mpunga yakaacha magugu. Nimepalilia siku nzima, nageuka nyuma, shamba limegeuka bustani ya magugu iliyotunzwa vizuri."

Severin alikohoa kidogo ili asicheke.

"Kikundi kina vipalizi mia moja na arobaini," aliendelea Eufrazia, "na kila kimoja kina meno kumi na mawili. Tunayataka ndani ya siku kumi na tano, palizi ya masika isitukute mikono mitupu. Nusu ya malipo nalipa leo. Mkishindwa, tutaviacha kabisa vipalizi, tununue dawa za kupuliza. Basi, mnaweza?"

Nusu ya malipo ilitosha kumtuliza mwenye kiwanja na kubaki. Twalibu alifungua mdomo aseme ndiyo, akakumbuka kalibu, akaufunga. Severin akajibu badala yake:

"Tupe siku mbili tukupe jibu, mama. Fedha kaa nazo kwanza."

Eufrazia hakuwa amefika barabarani Twalibu alipotoka mbio kwenda kwa Dadi, viatu vyenye ncha vikitangulia. Alimkuta Dadi amekaa juu ya jokofu bovu akinywa kahawa.

"Kaka Dadi! Ile kalibu yangu bado ipo?"

"Kalibu ipi, kaka? Mimi kwangu vyote ni kilo."

"Lile pande lenye mfereji. Usinitanie, Dadi, nakufa mwenzio."

Dadi alikunywa funda moja, akameza, akafuta midomo bila haraka yoyote.

"Lile liliondoka siku ya pili tu. Alikuja mama mmoja wa mlimani na vijana wanne wa kubeba, akalichukua."

"Alikupa shilingi ngapi? Nitampa mara mbili."

"Hakutoa shilingi. Alitoa mikungu kumi na miwili ya ndizi mzuzu. Nimekaanga mpaka nimeota ndizi." Dadi akatabasamu. "Akaniachia na maagizo. Alisema, atakuja mtu anahema kama mbwa aliyefukuza pikipiki. Usimwambie kitu mpaka akuulize alikuwa mama gani."

Twalibu alihesabu kwa vidole. Kinole. Ndizi. Simu moja fupi ya Severin. Moyo ulimruka kwa furaha, kisha ukatulia, ukajikunja kwa hofu, maana kuikosa kalibu ni jambo moja, na kumkabili mama yake, Bi Shadya, ni jambo jingine.

"Alikuwa mama gani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ahaa," alisema Dadi. "Wa kwako."

Kesho yake asubuhi yeye na Severin walipanda pikipiki mbili hadi barabara ilipoishia, halafu wakapanda kwa miguu. Njia ilikuwa imelowa. Milima ya Uluguru haikumhurumia Twalibu hata kidogo. Viatu vyenye ncha vilijaa udongo, na nusu ya safari alitembea navyo mkononi. Severin, ambaye umri wake ulikuwa karibu mara mbili, alikuwa mbele akipiga mluzi.

Bi Shadya alikuwa uani akimenya mihogo. Nyumba yake ilijishikilia kwenye mteremko mkali, migomba nyuma, bonde mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni. Severin, hujambo? Naona umemleta mgeni."

"Mama, si mgeni, ni mimi."

"Aah! Twalibu wa Nawa Safi! Nilidhani una watu wa kukupandia mlima."

Twalibu alipiga magoti palepale kwenye udongo. "Mama, nimekosa. Niliuza kitu cha mjomba bila kukuuliza. Naiomba kalibu. Nisipopata kalibu, karakana inakwenda."

Bi Shadya aliendelea kumenya. "Ipo hapa hapa uani. Itafute."

Twalibu alitafuta. Alitazama jikoni nyuma ya mafiga. Aliingia bandani, akatoka na manyoya kichwani. Alichungulia chini ya kitanda kilichowekwa barazani, akapekua chini ya majani ya migomba, akainua kila jiwe lililoonekana lina siri. Severin alikuwa ameketi juu ya kinu, akimtazama kwa utulivu wa msimamizi wa mtihani anayejua majibu.

"Mama, hakuna kitu."

"Njaa inakupofusha. Nawa mikono, tule."

Stendi ya kunawia ilikuwa pale pembeni ya uani, ileile aliyoituma kwa lori. Twalibu aliikaribia kwa aibu. Alipokanyaga, maji yakatoka vizuri, na stendi haikutikisika hata chembe, ingawa ilisimama kwenye mteremko ambao hata mbuzi angeufikiria mara mbili.

"Mbona haianguki?" alijisemea. Ufundi haumwachi mtu hata akiwa na majonzi.

"Ilikuwa inaanguka," Bi Shadya alijibu. "Siku ya kwanza ilinimwagia maji yote miguuni. Wewe uliiundia sakafu ya mjini. Ikabidi nitafute kitu kizito cha kuishika."

Twalibu aliangalia chini. Miguu miwili ya nyuma ya stendi ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani kwenye pande la chuma lenye ukubwa wa mto. Maji ya sabuni yalikuwa yakitiririka taratibu ndani ya mfereji uliopinda.

Alipiga magoti mara ya pili siku ile, lakini safari hii kwa furaha. Aliikumbatia kalibu, sabuni na kamba na vyote, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na pumzi aliyokuwa ameizuia tangu Eufrazia aondoke ikatoka yote kwa mpigo. Ilikuwa na kutu kidogo pembeni. Mfereji haukuwa na hata ufa.

"Severin aliponipigia simu nilitaka kushuka nikuchape," alisema Bi Shadya, akiweka sinia la mihogo na samaki. "Halafu nikasema, ngoja. Mtu hafundishwi uzito wa kitu mpaka akibebe. Pikipiki haifiki hapa, unaona mwenyewe."

"Nitaibeba, mama."

"Utaibeba. Na msala mwingine ukipita, utafanya nini?"

Twalibu alitafuna kwanza, akafikiri. "Nitausalia, mama. Stendi zilikuwa kazi nzuri, na fedha zake zilikuwa halali. Kosa langu ni kwamba niliutupa mkeka wa nyumbani nje."

"Hapo umesema." Akamsogezea kipande kikubwa cha samaki, ambacho katika nyumba ile kilikuwa ndiyo hati ya msamaha.

Wakafunga kalibu kwenye mti imara, Severin akashika ncha ya nyuma, Twalibu akaweka ya mbele begani, ambako mteremko ulihakikisha kwamba uzito hausahauliki. Walipumzika mara kumi na moja. Viatu vyenye ncha vilibaki Kinole; Bi Shadya alisema vitafaa kuchimbia mashimo ya kupandia mbegu za maboga.

Jioni ileile Eufrazia alipigiwa simu, na asubuhi akaleta nusu ya malipo. Mwenye kiwanja akapata chake, na mtu wa kuosha magari akakusanya mipira yake. Kisha tanuru likawashwa. Ni meno mangapi yaliyotakiwa? Anayetaka jumla na azidishe mwenyewe. Severin alizidisha, akakaa chini kidogo, akasimama tena. Walipiga nyundo siku kumi na mbili. Na kwa kuwa vipalizi vingi vya Dakawa vilikuwa vimevunjika mipini, Twalibu alizivunja zile stendi uani moja baada ya nyingine, akatumia bomba zake kutengenezea mipini mipya. Kuku walilalamika sana.

Eufrazia alipokuja kuchukua mzigo aliokota jino moja, akalipapasa mpindo kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Haya ndiyo yenyewe. Tutaonana kiangazi, mwanangu."

Akaenda zake. Twalibu aliinua macho juu ya mlango, kwenye maandishi mekundu ya marehemu, na kwa mara ya kwanza alikuwa na jibu, tena lenye jina na msimu wa kurudi.

Stendi moja tu ilibakizwa, ile ya rangi ya waridi. Ipo getini hadi leo. Mafundi hunawa hapo kabla ya ugali. Ndani, mahali pake pa zamani, imekaa kalibu, nzito, nyeusi, isiyopendeza macho, na kila msimu ndiyo inayoununua ugali wenyewe. Na yeyote anayeipita na kuidharau huonyeshwa kovu dogo kwenye bega la Twalibu, lililoandikwa na ule mti wa Kinole kwa hati inayosomeka vizuri: usiache mbachao kwa msala upitao.